Kaka, nataka nikupe habari ya Walter Tull

Mambo vipi kaka,

Za masiku, shemeji na watoto hawajambo? Huku kwema tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu kuna mchezaji mmoja wa zamani nimesoma habari zake wiki nzima na sina wa kumweleza zaidi yako.

Anaitwa Walter Tull, kazaliwa Folkestone Uingereza 1888, baba yake seremala kutoka Barbados, mtoto wa mtumwa, mama mzungu wa Kent, mkoa huohuo wa Folkestone. Mama kafariki Walter bado mdogo kabisa, haikupita miaka mitatu baba nae akafata, basi yeye na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima London, alafu Edward nae akachukuliwa na familia moja ya Glasgow (huko ndo alikuja kuwa daktari wa meno) Walter akabaki peke yake. Hapo tu nilishindwa kuendelea kusoma.

Mpira ndo ukamtoa. Kaanzia Clapton, timu ya ridhaa, na 1909 Tottenham wakamchukua, yani mtu mweusi anacheza ligi kuu ya Uingereza miaka ile! Ila walipoenda Bristol mashabiki walimtukana rangi yake vibaya sana, mpaka mwandishi wa gazeti akaandika kwamba huyu kijana ni mfano kwa wazungu wote wanaocheza mpira. Haikuchukua muda akashushwa timu ya akiba. Mimi naona walimficha badala ya kumtetea, na inaniuma. Bahati nzuri 1911 Herbert Chapman, huyuhuyu aliyekuja kuijenga Arsenal, akampeleka Northampton, kacheza pale mechi zaidi ya 100.

Vita ikaanza 1914, Desemba hiyohiyo akajiunga na kikosi cha wanampira. Somme kafika, yale mapigano makubwa ya kule Ufaransa. Sasa sheria za jeshi zilikua zinataka afisa awe na damu ya Ulaya tupu, lakini Mei 1917 wakampa uluteni usu, mjukuu wa mtumwa anaongoza askari wazungu! Kule Italia alivuka nao mto Piave usiku kwenda kushambulia, akawarudisha wote salama, jenerali akamwandikia pongezi.

Tarehe 25 Machi 1918, karibu na Favreuil Ufaransa, Wajerumani wanasukuma, wenzake wanarudi nyuma, risasi ikampata. Kuna askari wake anaitwa Tom Billingham, alikua kipa wa Leicester Fosse, akajaribu kumvuta amtoe pale, kamvuta weee, adui washafika, ikabidi amwache. Kaka, mikono ya kipa ile, imezoea kudaka mpira, imeshika koti la mwenzake kwenye matope na inabidi iachie. Siwezi kuitoa kichwani. Mwili haukupatikana, jina tu limeandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kule Arras, Ufaransa, na taarifa ikaenda kwa Edward, Glasgow.

Vita hiyohiyo ndo ilituachia jina la Kariakoo, kutoka kwa wale wapagazi wa Carrier Corps, na wao wengi mno makaburi yao hayajulikani, nasi tunapita pale kila siku kununua jezi.

Mungu akitujalia tukafika Uingereza, usinipeleke kwanza Old Trafford. Twende Northampton, pale uwanjani kwao kuna kumbukumbu yake tangu 1999, nataka niliguse lile jina kwa mkono wangu.

Msalimie mama sana.

Mdogo wako