Barua kwa Famau: Saa Chache za Addis Ababa

Langoni, Lamu

Kwa ndugu yangu mpendwa Famau,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama na jamaa wote wa Malindi mkiwa katika afya njema. Sisi huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi; pepo za kusi zimeshika, na mashua za kuvuka kwenda Manda zinapigwa na mawimbi kuliko kawaida, lakini watu wanavuka na kazi zinaendelea.

Nimeupata ujumbe wako kuhusu safari ya kwenda Dubai kumtazama kaka yako, nami nimeisoma kwa makini ile sehemu uliyosema kwamba utatua Addis Ababa saa tatu asubuhi, kwamba ndege ya pili itaondoka saa kumi na moja jioni, na kwamba umeazimia kukaa ndani ya uwanja wa ndege mpaka utakapoitwa. Niwie radhi, ndugu yangu, katika hilo sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu aliyezaliwa pwani hii, akapewa mchana mzima katika mji ule, kisha akautumia kutazama maduka ya manukato na kusinzia kitini, amejinyima jambo ambalo huenda lisimrudie tena. Nakuandikia kwa urefu ili nikushawishi utoke, na ukitoka, utoke kwa mpango.

Kwanza, fahamu kwamba Addis Ababa inamfaa sana mtu mwenye muda mchache. Viwanja vingi vikubwa vya ndege duniani vimejengwa mbali na miji yake, hata msafiri humaliza nusu ya muda wake barabarani. Uwanja wa Bole umo ndani ya mji wenyewe, na kutoka hapo hadi medani ya Meskel, katikati ya mji, ni mwendo wa kilomita tano hivi. Pili, sisi Wakenya hatuhitaji viza ya kuingia Ethiopia. Utapanga foleni ya uhamiaji kama wasafiri wengine, utaonyesha pasipoti na tiketi ya safari inayofuata, nawe utagongewa mhuri. Chukua pia kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano, na uiweke katika begi la mkononi wala si katika sanduku litakalopelekwa moja kwa moja hadi Dubai, kwa kuwa msafiri anayetoka Kenya anaweza kudaiwa kadi hiyo pale.

Jambo la tatu ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, huhesabu saa kama sisi. Mchana wao huanza jua linapochomoza, na saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu. Tena nchi zetu mbili hazipishani hata dakika moja. Wageni kutoka Ulaya na hata baadhi ya ndugu zetu wa Nairobi waliozoea kuhesabu saa kwa Kiingereza huchanganyikiwa sana na jambo hili, wakaagana na dereva saa fulani na yeye akaelewa nyingine. Wewe dereva akikwambia atakungoja saa nane, basi ni saa nane ile unayoijua. Hadhari yako iwe kwenye tiketi tu, ambayo itaandikwa 17:00 kwa hesabu ya kimataifa. Tarehe nazo usizitegemee katika risiti wala katika vibao vya ofisi, kwa sababu kalenda yao ina miezi 13, ambayo 12 kati yake ni ya siku 30 kila mmoja na wa mwisho ni wa siku 5 au 6, na mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka 7 au 8.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nikuhimize, nayo inatuhusu sisi watu wa Lamu hasa. Tarehe 2 Machi 2012, jiwe la msingi la bandari yetu mpya liliwekwa hapa na Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na tukaelezwa kwamba gati zile zitaihudumia Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 isiyokuwa na pwani. Gati ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Tumebishana sana juu ya bandari hiyo, kuhusu wavuvi, mikoko na mashamba, na mabishano hayo yana haki yake. Ila katika baraza zetu sijakutana na watu wengi waliowahi kuuona mji mkuu wa hao tunaoambiwa kuwa ndio wateja wetu. Tunawajua zaidi kwa dini, kwa habari za Mfalme Najashi aliyewapokea Masahaba katika hijra ya kwanza, na kwa Bilal ambaye asili yake inatajwa kuwa huko. Wewe unapewa nafasi ya kuwaona leo walivyo.

Sasa tuje kwenye mpango. Ndege ikitua saa tatu, chukulia kwamba hutakuwa nje kabla ya saa nne. Upande wa pili, uwe umerudi kwenye mlango wa uwanja wa ndege saa nane na nusu mchana, wala usikubali kushawishiwa na mtu yeyote kwamba saa tisa na nusu inatosha, kwa sababu magari ya Addis hukwama vibaya, na mizigo na watu hukaguliwa mara tu unapoingia katika jengo, kabla hujafika hata kwenye foleni ya uhamiaji. Kwa hiyo unabakiwa na muda wa saa nne na nusu, ukijumlisha na njia. Muda huo unatosha kwa upande mmoja wa mji. Hautoshi kwa mji mzima, na msafiri anayejaribu kuuona mji mzima kwa muda huo huishia kuiona migongo ya magari.

Upande ninaokuchagulia ni ule wa Arat Kilo. Badili fedha kidogo tu kwenye benki iliyo uwanjani, za kutosha teksi, chakula na kiingilio, kisha upatane bei na dereva kabla ya kufungua mlango wa gari. Mwambie akupeleke Makumbusho ya Taifa. Njiani mnaweza kupita medani ya Meskel, na karibu na hapo ni Africa Hall, jengo ambamo nchi 32 zilitia saini mkataba wa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963, wakati sisi wenyewe bado tulikuwa tunasubiri Desemba ya mwaka ule ule tupate uhuru. Kuingia ndani kunahitaji kupanga mapema kwa kuwa eneo lile ni la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo ridhika kulitazama kutoka barabarani na usonge mbele.

Makumbusho yenyewe si makubwa, na hilo ni jema kwako. Teremka moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa chini, walipomweka Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye Wahabeshi humwita Dinknesh. Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 1974 huko Hadar, katika nchi ya Waafar, na umri wake ni takriban miaka milioni 3.2. Utakayoiona kwenye kioo ni nakala, kwani mifupa yenyewe huhifadhiwa mahali maalumu, lakini nakuomba usiidharau kwa sababu hiyo. Alikuwa kiumbe mfupi, urefu wake kama mita moja na kidogo, na jinsi nyonga na goti lake vilivyoumbwa ndiko kulikowathibitishia wataalamu kwamba alitembea kwa miguu miwili. Wewe uliyewahi kwenda makumbusho ya Nairobi na kumwona yule kijana wa Turkana aliyegunduliwa mwaka 1984, utaweza kuwaweka wawili hawa pamoja akilini: huyu wa kwao amemtangulia yule wa kwetu kwa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na wote wawili wametoka katika bonde lile lile la ufa linaloanzia juu huko Afar na kupita Turkana. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na sikujutia. Katika ghorofa za juu kuna mavazi na viti vya enzi vya wafalme, ambavyo utavipitia kwa haraka bila kupoteza kitu kikubwa.

Kutoka hapo hadi Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu si mbali. Ukipenda historia ya karne iliyopita, ingia uone kaburi la Haile Selassie, ambaye mabaki yake yalizikwa humo mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake. Jina lake umelisoma mara nyingi kwenye kibao cha barabara pale Mombasa. Ukiona saa imekimbia, liache kanisa; ila lililobaki usiliache, maana ndilo ninalolithamini zaidi, nalo ni chakula na kahawa.

Kuhusu chakula, najua utauliza habari ya nyama, na una haki. Wahabeshi wenyewe wana utaratibu wa tangu zamani kwamba Mwislamu na Mkristo hawali nyama iliyochinjwa na mwenzake, kwa hiyo swali lako halitamshangaza mtu. Njia rahisi ni kuagiza beyainetu, sinia la vyakula mbalimbali visivyo na nyama. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa na vipindi vingine virefu, na katika kufunga huko hawagusi nyama wala maziwa wala mayai. Ndiyo maana mikahawa imebobea katika vyakula vya dengu, njegere za kusaga, kabichi, viazi na mboga za majani, vinavyopangwa kwa rangi zake juu ya injera moja pana. Injera ni mkate mwembamba wa nafaka ya teff, na ina uchachu ambao ulimi wa mgeni huuzoea tonge kwa tonge. Watu huizunguka na kula kwa mkono wa kulia, kama sisi tunavyolizunguka sinia la pilau.

Kisha tafuta mahali wanapotengeneza kahawa kwa utaratibu wao kamili, penye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni na ubani unaofukizwa. Wewe na mimi tumekulia kwenye kahawa tungu inayomiminwa kutoka katika mdila wa shaba, yenye tangawizi, na haluwa pembeni. Tunajiona kuwa watu wa kahawa. Nenda ukawaone wenye kahawa yenyewe, kwa maana mmea ule asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Mama atazikaanga buni mbele yako, atazipitisha ili unuse moshi wake, atazitwanga, atazichemsha katika chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, kisha atakumiminia katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na huenda akaweka bisi za mahindi kando. Desturi ni mizunguko mitatu, na kila mmoja huwa mwepesi kuliko uliotangulia. Huchukua muda, labda saa nzima, na wapo watakaokwambia kwamba muda huo ungekutosha kuona jumba jingine la makumbusho. Kwa maoni yangu, kukaa na watu katika jambo wanalolifanya kila siku majumbani mwao kunakupa mji zaidi kuliko chumba kingine cha vioo.

Soko la Merkato usiende safari hii. Ni kubwa mno, lina msongamano na wezi wa mifukoni, na kulifahamu kunataka siku nzima na mwenyeji. Milima ya Entoto nayo ni mizuri lakini iko juu na mbali, na barabara ya kurudi hutaweza kuitabiri.

Afya yako pia uiangalie. Mji ule uko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, nasi tumezoea kuishi mahali ambapo maji kujaa hufika kwenye ngazi za nyumba. Ngazi za makumbusho zitakuhemesha. Panda polepole, kunywa maji, wala usiingiwe na hofu. Mwezi huu wa Julai ni msimu wao wa mvua, na joto la mchana huzidi nyuzi 20 kwa kidogo tu, kwa hiyo sweta na mwavuli viwe mkononi. Swala ya Adhuhuri na ya Alasiri utazikusanya kama msafiri.

Imebaki kitu kimoja ambacho sikukiona katika ujumbe wako. Nijulishe kama safari zako mbili, ya kutoka Nairobi na ya kutoka Addis, zimo katika tiketi moja au umezinunua mbalimbali. Kama ni tiketi moja, uliza Nairobi kwenye kaunta kama sanduku limefungwa lebo hadi Dubai, na uombe kadi zote mbili za kupandia ndege pale pale, ili ukirudi Bole usianze foleni upya. Kama ni mbalimbali, itakubidi ulichukue sanduku lako na kulikabidhi tena, na ukichelewa hakuna atakayelazimika kukutafutia ndege nyingine. Katika hali hiyo ningekushauri uyaache makumbusho na kanisa, ulikabidhi sanduku kwanza ikiwa watalipokea mapema au uliweke kwa malipo mahali pa kuhifadhia mizigo kama utapapata, kisha uende mtaa wa Bole ulio jirani kwa ajili ya beyainetu na kahawa, nawe urudi saa nane kamili. Nijibu kabla ya Ijumaa ili nipate kukupangia vizuri.

Mfikishie Mama salamu zangu, na kaka yako ukifika.

Wasalaam,

Ndugu yako,
Abubakar