Mwanangu, karatasi iko wapi?

Mwanangu mpenzi,

Tuko wazima. Baba yako anakohoa lakini si sana. Barua hii naiandika kwa mkono, yaya yako, ndugu yako mkubwa, ataipiga picha akutumie, maana safari ya rafiki yako kuja huko Kinshasa kuimba kumbe ni Jumamosi hii. Jina lake silitaji, najua simu yako inasomwa na chumba kizima. Mama yake ameniambia binti ameshaaga saluni, na kwamba wewe ndiwe uliyempa moyo. Vizuri. Lakini karatasi iko wapi?

Huyo bwana wa Kinshasa anamlipia ndege, anamlipia chumba, studio, nguo za video. Mtu hamwagi pesa namna hiyo kwa kupenda sauti tu. Anachokitaka kitakuwa kimeandikwa ndani ya mkataba, na wewe, unayesoma sheria kwa jasho letu, hujaniambia hata kama umeuona.

Usifikiri napinga. Nilimsikia juzijuzi kwenye kilio hapa Katuba, Lubumbashi. Umeme ulikatika, spika zikanyamaza, vijana wa kinanda wakaanza kutafuta tochi. Yeye hakunyamaza. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akawa anagonga ukingo wake kwa pete, taratibu, anaimba kwa kufuata hiyo pete, mpaka akina mama waliokuwa wanasonga bukari kule nyuma wakaacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. Bukari iliungua na hakuna aliyelalamika. Mtu kama huyo kusuka nywele za watu maisha yake yote ni dhambi, na mama yake nilimwambia hivyohivyo, tena kabla yako. Kwa hiyo aende. Aende akijua alichokisaini.

Ile sheria ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi unaijua kuliko mimi. Mimi nimeshika alichonieleza mjomba wako: wimbo ni mali ya aliyeutunga, na akishakufa, warithi wake wanaula miaka 50. Sasa daftari la huyu mtoto limejaa nyimbo. Akisaini kwamba ameachia haki zote, ameuza mpaka riziki ya watoto ambao hajawazaa. Kabla hajaingia studio, mpeleke SOCODA, lile shirika la haki za watunzi, nyimbo ziandikishwe kwa jina lake, si la huyo bwana. Halafu muulizeni: mkataba ni wa miaka mingapi? Akitaka kutoka, analipa nini? Na pesa za mabanga ni za nani? Hata huku Lubumbashi tunajua kwamba wakubwa hulipa ili majina yao yatajwe ndani ya wimbo. Zinaingia mfuko gani hizo? Kama hazimo kwenye karatasi, basi si zake.

Nasema sana kwa sababu wewe mwenyewe mkono wako mwepesi. Ile nyumba ya kupanga ulisaini ukiwa umesimama mlangoni, ukaja kulipa dhamana mara mbili, na mwenye nyumba mpaka leo anakwambia kesho. Huyu ni rafiki yako, anakuamini kwa kuwa unasoma sheria. Keti chini, soma mstari kwa mstari. Usichokielewa mpelekee mwalimu wako. Sijawahi kusikia mwalimu anayechukia kuulizwa.

Tena nasikia bwana anataka nyimbo zote zigeuzwe Kilingala. Ajifunze Kilingala, hakuna ubaya, rumba ya kwetu hata UNESCO wameiweka kwenye orodha yao mwaka 2021. Lakini Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wetu, Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anarekodi nyimbo za Afrika, alipomkuta Jadotville mwaka 1952, yaani hapo Likasi tu, alikuwa anaimba Kiswahili chetu, na mwaka 1969 alisimama kwenye jukwaa la Newport kule Marekani. Mkumbushe hilo. Ila usilianze kwa simu baba yako akiwa karibu: akisikia jina la Bosco anaulizia tena gitaa lake. Nimemwambia liko kwa fundi. Ada yako ya mwaka jana haikudondoka kutoka mbinguni.

Nimemfungia binti unga wa mahindi kilo tano na vinkubala, wale viwavi wa kula, maana unasema fufu ya huko haikushibishi. Unga gawa, vinkubala usigawe. Makala ya kupikia yamepanda bei tena, maharage sasa tunapika mara moja kwa juma, na yaya yako ananuna kama mimi ndiye ninayeuza makala. Nkambo anaomba ile dawa ya kupaka miguu, ya kopo la kijani. Ya bluu uliyoleta mara ile inamwasha.

Sasa kesho asubuhi nenda kwa huyo bwana, mwombe nakala. Akisema mtaiona binti akishafika, jibu tumelipata. Piga picha kurasa zote, na za nyuma zenye herufi ndogo, utume kwa simu ya yaya yako, yangu kioo kimepasuka. Ijumaa jioni ikifika sijaona kitu, naenda kwa mama yake, na Jumamosi huyo mtoto hapandi ndege.

Mama yako