Dada, sinia lile la chai bado naliona

Dada yangu,

Simu zangu hupokei tangu mtoto wako ahamie kwangu, kwa hiyo nakuandikia hapa. Usiponijibu, walau usome.

Rudi kidogo sebuleni kwako Tandika, siku ya arobaini ya mama. Mtoto ameshika sinia la vikombe vya chai, wewe umeshika karatasi ya matokeo ya mock. Ukasoma mbele ya mashemeji na majirani: hisabati F, fizikia F, kemia F. Ukamalizia, "Huyu ndiye ninayemlipia tuisheni miaka mitatu." Hakulia. Alizunguka na sinia mpaka kwa mgeni wa mwisho, vikombe vinagongana, yeye akimwambia kila mmoja "karibu chai". Tangu siku ile hakunyoosha tena mkono darasani. Kaniambia mwenyewe.

Unasema namdekeza. Sikumwiba. Alikuja Mbagala kwa miguu yake, nami nisingemfungia mlango mtoto wa dada yangu. Mwaka 2019 OECD, lile shirika la nchi za ushirikiano wa kiuchumi, walipima watoto wa miaka 10 na wa miaka 15 katika miji 10 duniani. Dar haimo, lakini soma walichokiona: katika tabia walizozipima, zilizoandamana zaidi na alama nzuri ni kung'ang'ania kazi mpaka iishe, na udadisi. Na wale wa miaka 15 udadisi wao ulikuwa chini kuliko wa wale wa miaka 10. Kwingine sijui unapotelea wapi. Wa huyu najua ulipopotelea.

Na wewe ndiye uliyenifundisha mimi kusoma, kwenye mwanga wa kibatari! Nikikosea unafuta kwa kiganja, unasema "tena", unanirudishia kalamu. Huyo dada alikwenda wapi?

Siku ile sikusema neno kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na nyumba ilikuwa ya msiba. Ningekugombeza vipi mbele ya watu? Usinihesabu kwamba nilikubaliana nawe.

Sasa anarisiti, anarudia mtihani. Juzi alikwama kwenye hesabu za logi, akatupa kalamu, akatoka nje. Baada ya robo saa akarudi, akaiokota. "Mama mdogo, hivi kwa nini hapa wamejumlisha?" Sikujua. Tulihangaika na lile daftari mpaka umeme ukakatika, akawasha tochi ya simu tukaendelea.

Mtihani ni Novemba. Mimi niache, mpigie yeye. Namba yake ni ile ile.