Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyetoka kanisani zumari likilia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, shemeji na watoto hawajambo, na hofu yetu ni juu yenu mliotunyamazia tangu mazishi. Nakuandikia mahali ambapo na wengine watasoma kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu yale maneno uliyoyaweka kwenye kundi la ukoo, kwamba dada yetu tulimzika huku Ayalandi kwa kelele za baa kama mtu asiye na kwao, yalisomwa na watu wengi kuliko watakaosoma haya yangu. Siku ile sikujibu, kwa heshima ya msiba. Suala la kumsafirisha hadi kwetu Ndanda sitaligusa, maana liliamuliwa na mumewe pamoja na watoto wake, na wewe ulikuwapo. Nataka tuzungumze juu ya zumari lililopigwa kanisani, lile uliloliita kelele za baa.

Ungekubali kukaa nami sakristiani asubuhi ile, badala ya kunijibu kwamba hukuja Ayalandi kusikiliza muziki, ungeona kwamba yule bwana mpiga zumari hakuja kumburudisha mtu. Alifika kabla ya padre, akafungua sanduku na kuanza kuunganisha zumari lake kipande kwa kipande: mvukuto mdogo unaofungwa kiunoni kwa mkanda na kukandamizwa kwa kiwiko cha mkono wa kulia, mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani upande wa kushoto, mabomba matatu ya mvumo yanayolazwa juu ya mapaja, mengine matatu yenye funguo zinazobonyezwa kwa kiganja, na lile bomba la vidole ambalo ndilo linaloimba. Zumari la Waskoti hupulizwa kwa mdomo na hupigwa zaidi nje, mpigaji akiwa amesimama au akiandamana. Hili la Waayalandi hupata pumzi yake kwenye mvukuto, kwa hiyo mpigaji huketi, mdomo ameufumba, na sauti yake ni ya kukaa ndani ya nyumba pamoja na watu. Kanisa lilikuwa na baridi, na ule ulimi wa tete unaotoa sauti ndani ya bomba, ambao hewa ikibadilika kidogo tu nao hubadilika, ulikuwa unagoma. Alihangaika nao muda mrefu, akiuchomoa, akiubana kwa ncha za vidole, akiurudisha, akisikiliza, bila kusema neno. Alikuwa ameleta zumari la sauti nzito na ya upole, la namna ya zamani, lililokuwapo kabla ya ndugu wawili wa ukoo wa Taylor, wenyeji wa Drogheda huku Ayalandi waliohamia Philadelphia, Marekani, kuunda mwishoni mwa karne ya 19 lile lenye sauti kali ya kujaza kumbi. Nilipomuuliza kwa nini hakuja na lenye sauti kubwa, alisema kwamba aliye ndani ya jeneza hahitaji kupigiwa kelele.

Kisha akanipa bomba la vidole nilishike. Kaka, lilikuwa la mpingo. Mimi na wewe hatuwezi kudanganywa juu ya mti huo: uzito ule usiolingana na unene wake, weusi ule ambao ukiupeleka dirishani unaonyesha mishipa ya kahawia, ubaridi wake kiganjani. Mafundi wengi wa mazumari haya hutumia mpingo, kama wanavyoutumia watengenezaji wa klarineti, na mpingo huo hutoka zaidi kwetu Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Sisemi kwamba gogo lile lilikatwa Kilwa au Nachingwea, kwa kuwa hata mwenyewe hakujua. Nasema kwamba wewe, uliyekulia kwenye vumbi la karakana ya Baba, uliyekuwa ukimshikia gogo akilipasua na kuondoa ule weupe wa nje mpaka afikie kiini, uliketi hatua chache kutoka kwenye mpingo unaolia na ukasema ni kitu cha watu wengine.

Na unalia kweli. Hapo ndipo ninapotaka unielewe. Mwimbaji, hata awe hodari namna gani, lazima avute pumzi, na anapoivuta sisi tunaosikiliza nasi tunavuta, tukapumzika pamoja naye. Mfuko wa zumari hauna haja hiyo. Sauti inaanza, inapanda, inakawia huko juu, nawe unangoja ikatike ili upumue, haikatiki, na kabla hujatambua umeizuia pumzi yako mwenyewe. Chini yake ule mvumo hautikisiki tangu mwanzo hadi mwisho, noti ile ile moja, na kila noti ya juu inapimwa kwa huo: nyingine inakaa nao kwa amani, nyingine inausugua mpaka unasikia mkwaruzo kifuani. Tena mpigaji harukii tu kutoka noti hadi noti. Mahali fulani anaondoa kidole polepole juu ya tundu ili sauti ipande kwa kuteleza, ipite katikati ya noti mbili mahali ambapo kinanda cha kanisa hakifiki, na huko katikati ndiko sauti ya mtu anayelia inakopita. Wala wimbo wa namna hiyo hauna mapigo ya kuhesabu. Unafuata maneno ya wimbo ulioimbwa kwanza kwa mdomo, na walimu wao husisitiza kwamba asiyeyajua maneno asiuguse, kwa sababu hatajua mahali pa kukawia na mahali pa kuharakisha. Halafu kuna kile kitendo cha kukalisha ncha ya bomba gotini matundu yote yakiwa yamefunikwa: wimbo unazimika papo hapo na mvumo unabaki peke yake. Yule bwana alifanya hivyo mara moja tu, baada ya noti ya juu kabisa, na kwenye pengo lile nikamsikia kitinda mimba wa Dada akitoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu tulipotoka hospitali. Mtoto yule alikuwa hajalia. Watu walikuwa wameanza kumwogopea.

Ndipo viatu vyako viliposikika.

Ulikuwa umeshika simu, na kwenye simu ile alikuwamo Mama, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri, ameketi sebuleni na Shangazi na majirani wakitazama kioo kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kumzika mwanawe. Uliinuka benchi la mbele, ukapita mbele ya jeneza, ukatembea katikati ya kanisa lote hadi mlangoni ukiwa na Mama mkononi, na huko nje kwenye maegesho ukamwambia, maana ameniambia mwenyewe, kwamba ndani hakuna kitu, wanapuliza filimbi, mtarudi wakimaliza. Wifi ananieleza kwamba uchungu ulikuzidi. Sikubali. Uchungu ulitujaa sote mle ndani, na kama ulikuzidi ungeniachia simu. Nilikunyoshea mkono, nawe uliniona.

Unasema baa. Ni kweli zumari hili hupigwa pia kwenye baa na kwenye dansi, kama ngoma zetu zinavyopigwa unyagoni na harusini, na sijakusikia ukizikataa msibani kwa sababu hiyo. Seamus Heaney, mshairi wao aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, alipoagwa kanisani Dublin mwanzoni mwa Septemba 2013, rais wa nchi akiwa miongoni mwa waombolezaji, aliyempigia zumari alikuwa rafiki yake Liam O'Flynn. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hili katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na Miltown Malbay, mji ambao Dada aliishi karibu nao miaka yote ile, ndio mji wa Willie Clancy, seremala na mpigaji aliyefariki 1973, ambako tangu mwaka huo huo kila Julai watu hufurika kufundishana. Dada alikuwa akiwapikia sambusa. Jioni alikuwa akikaa nao mpaka taa zizimwe, na ndiko alikoyazoea maombolezo haya, akawa akiniambia kwamba yanamkumbusha kilio cha Shangazi.

Alikuwa na haki. Zamani Ayalandi ilikuwa na wanawake waliaji, ambao walifika kwenye mkesha wa maiti, wakalegeza nywele, wakamzunguka marehemu, wakamtaja kwa ukoo wake na sifa zake, wakamlaumu kwa kuondoka, kisha wote wakapaza kilio kwa pamoja. Kuanzia karne ya 17 mabaraza ya maaskofu yaliwalaani, na mapadre wakawafukuza makaburini. Ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi ng'ambo ya bahari, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 sauti za wanawake wale zilikuwa karibu zimekwisha. Mimi naamini kwamba kilio kile kilijihifadhi ndani ya mabomba, kwa sababu mpigaji aliyeketi kimya na uso mkavu hakuna padre aliyeweza kumwambia kwamba analia kupita kiasi.

Maneno ya kilio kimoja yapo hadi leo, cha Eibhlín Dubh Ní Chonaill, aliyempoteza mumewe Art Ó Laoghaire mwaka 1773, kijana aliyepigwa risasi huko Cork baada ya ugomvi na hakimu aliyedai amuuzie farasi wake kwa pauni 5, kwa kuwa sheria za wakati ule hazikumruhusu Mkatoliki kumkatalia Mprotestanti bei hiyo. Katikati ya kilio hicho dada wa marehemu anaingia na kumsuta mjane kwamba alikwenda kulala maiti ikiwa ndani, na mjane anamjibu kwamba hakulala, alikuwa akiwabembeleza watoto. Mawifi wanagombana juu ya maiti, na watu wameuhifadhi ugomvi wao pamoja na machozi yao kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nilipousoma nilikufikiria wewe. Walisutana vikali, lakini wote wawili walibaki pale pale penye maiti.

Na Shangazi je? Mwili wa Baba ulipokuwa umelazwa barazani, Shangazi alipoanza kumwita Baba kwa jina la utoto wake na kumuuliza magogo yale amemwachia nani, ni wewe uliyemwendea ukamwambia anyamaze kwa kuwa padre anataka kusali. Alinyamaza. Tangu siku hiyo akienda msibani hukaa jikoni.

Sasa wewe ndiye mkubwa wetu, Kaka, na misiba itakuja, na nakuomba kama mdogo wako uwaache watu walie kwa chombo walichonacho. Hukusomea upadre wala hukutumwa na mtu kuwa mlinzi wa machozi yetu. Mimi sikumwita mpigaji kwa majivuno ya kukaa Ulaya, kama ulivyowaeleza akina mjomba. Dada aliniomba kwa mdomo wake, akiwa na akili zake zote, dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka kusikia bahari, na akaongeza kwamba liwe zumari la sauti ya chini. Kama hakukuambia wewe, ni kwa sababu alijua ungebisha. Nyimbo za kwetu hakuzikosa: usiku wa mkesha wanawake wa Tanzania, Kenya na Kongo walitoka Limerick na Galway wakaimba hadi alfajiri, nawe uliimba nao, tena vizuri, besi yako ile aliyokuwa akiisifia, nami nilifurahi kukusikia. Kaburini tuliimba tena. Kwa saa zote hizo za nyimbo zetu, Waayalandi walipewa dakika chache, na hizo ndizo ulizozikataa.

Misa ilikuwa imerekodiwa na parokia, kwa hiyo Mama amekwisha kusikia. Nilimtumia kipande kile kwa simu ya jirani. Aliniambia wafunge mlango wa uani kwanza, halafu akakisikiliza chote, akauliza huyu mwanamke anayelia ni nani kwetu. Nikamwambia ni mti, Mama, ni mpingo. Akamwita Shangazi atoke jikoni aje asikie, na nilipokata simu walikuwa wote wawili wanalia kwa sauti, wakimtaja Dada, na hakukuwa na mtu wa kuwanyamazisha.

Misa ya mwaka itakuwa Februari. Yule bwana amekubali kuja na zumari lile lile, na padre hana pingamizi. Shemeji anasema chumba chako kipo, nami nitafurahi ukija, nitakupokea mwenyewe uwanja wa ndege wa Shannon na tutakaa pamoja benchi la mbele. Ila simu ya Mama nitaishika mimi.

Msalimie wifi na watoto.

Mdogo wako