Sheria imetupa zabuni, malipo je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kero ya makandarasi wadogo wa Nyanda za Juu Kusini, hasa sisi tunaopewa vipande vya kazi chini ya makandarasi wakubwa.

Tangu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ianze kutumika, kila semina tunasikia habari njema: kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za kampuni za wazawa, na zabuni ziko kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, hakuna tena kuzunguka na bahasha ofisi hadi ofisi. Tunashukuru kwa dhati. Lakini suala la sisi wa chini tulipwe lini limeachiwa mkataba, na mkataba anauandika mwenye nguvu.

Nilijenga mitaro ya mawe na kalavati kwenye barabara moja mkoani kwetu. Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu, na kifungu kimoja kilisema nitalipwa "baada ya mkandarasi mkuu kulipwa". Mhandisi akapima, akasaini, mvua zikaja, maji yakapita vizuri tu. Hela hakuna. Nikiuliza, naambiwa Serikali haijatoa. Imetoa, haijatoa, sina pa kuhakikisha. Mwenye duka la nondo kule Uyole hayamhusu hayo; yeye ana daftari lake.

Vibarua nao wanataka chao Jumamosi. Wakicheleweshewa wana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na sheria ya ajira ya 2004 inampa msuluhishi siku 30. Ni haki yao kabisa, jasho ni lao. Ila mimi ninayedaiwa nao, mdeni wangu nimpeleke wapi? Sheria ya Usuluhishi ya 2020 ipo, lakini gharama za msuluhishi na wakili zinaweza kumeza deni lote la mtaro. Mahakamani napo ni kalenda juu ya kalenda. Halafu ukishamshitaki mkuu, usitegemee kuitwa tena. Mji huu ni mdogo, tunajuana.

Uingereza walitunga sheria ya mikataba ya ujenzi mwaka 1996. Kifungu cha "nitakulipa nikilipwa" hakina nguvu kule, isipokuwa yule anayemlipa mkandarasi mkuu amefilisika. Anayedai anaweza kwenda wakati wowote kwa mwamuzi, ambaye kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya siku 28. Aliyeshindwa analipa kwanza. Akitaka kubishana, akabishane mahakamani baadaye.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaweza kuidai, lakini kuna dogo lisilohitaji kusubiri Bunge. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) ndiyo inayotoa nyaraka sanifu za zabuni. Iweke humo sharti kwamba kila mkandarasi wa chini aandikishwe NeST, na malipo yakiingia kwa mkuu, tarehe na kiasi vionekane kwa huyo wa chini. Siku 14 zikipita bila kulipwa, taasisi yenye mradi iwe na ruhusa ya kumlipa moja kwa moja na kukata kwenye hati ya malipo inayofuata ya mkuu.

Mkandarasi wa daraja la saba,
Mbeya