Dawa za Hamisi zisiachwe

Lund, Uswidi

Dada Mwajuma,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, baridi tu inanisumbua. Nimesikiliza sauti uliyonitumia, na moyo umenienda mbio pale uliposema watu hapo Ujiji wanakushauri uache dawa za kifafa za hospitali umpeleke mwanao Hamisi kwa mganga.

Dada, nakusihi, dawa zisiachwe. Jambo hili ndilo ninalolisomea huku.

Ubongo una seli za kuchochea na seli za kutuliza. Za kutuliza ni chache, kwenye gamba la ubongo ni kama moja kati ya tano, na hutumia kemikali iitwayo GABA. Kazi yao ni kama breki za lori linaloteremka mlima. Zikishindwa, seli nyingi mno huwaka kwa pamoja, mtoto akaanguka. Fenobabitoni anayopewa Hamisi huongeza nguvu ya hiyo GABA. Ubongo ukishaizoea dawa hiyo kisha ukaikata ghafla, degedege laweza kurudi kali kuliko la mwanzo. Kama ni kupunguza, apunguze daktari, polepole.

Seli hizohizo husaidia ubongo wa mtoto kujipanga wakati anajifunza kusikia na kusema. Kwa hiyo kifafa na kuchelewa kusema mara nyingi huandamana.

Mimi si daktari wake. Ila mwaka 1978 daktari Mfaransa, Charlotte Dravet, alieleza kifafa kinachoanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, mara nyingi akiwa na homa, kama Hamisi. Wengi wao wana hitilafu kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo SCN1A, na zinazoumia zaidi ni seli za kutuliza. Watoto hao wakipewa karbamazepini, dawa inayowafaa wagonjwa wengine wengi, degedege laweza kuzidi. Basi ukifika hospitali ya Maweni mweleze daktari yote: lilianza lini, kulikuwa na homa, lilishika upande gani, lilichukua dakika ngapi. Muulize kuhusu ugonjwa huo kwa jina, ugonjwa wa Dravet.

Na shemeji aache kuutaja ukoo wetu. Hitilafu hiyo mara nyingi huzuka kwa mtoto mwenyewe, baba hana, mama hana. Hukumkosea mwanao kitu, dada yangu.

Degedege likimshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Povu haliambukizi, watoto wasimkimbie. Likipita dakika 5, mkimbize hospitali. Ziwani asioge peke yake, hata kando kabisa.

Nauli nimeituma kwenye simu ya shemeji. Mama nisalimie sana.

Mdogo wako,
Rashidi