Kwa Nini Komiki Yako Tuliipa Bei Hiyo

Dukani kwetu, tunakokagua na kununua komiki za zamani, malalamiko ni yale yale. Mteja anafungua simu, anatuonyesha komiki kama yake mtandaoni kwa dola 500, kisha anauliza kwa nini sisi tunampa shilingi 300. Juzi mmoja ametuita wezi mbele ya wateja wengine, na hilo hatuwezi kulinyamazia.

Hizo dola 500 ni bei anayoomba muuzaji, na kuomba hakuna mipaka. Sisi tunaangalia mauzo yaliyokwisha: toleo lile lile, hali ile ile, lilinunuliwa kwa ngapi. Ya mteja huyo ilikuwa X-Men namba 1 ya mwaka 1991. Kweli ni namba 1, yaani toleo la kwanza, na ina miaka zaidi ya 30. Lakini ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, zenye majalada tofauti, na wengi walizinunua ili waziweke. Zimejaa hadi leo, tena safi kuliko yake. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, ambamo Spider-Man alitokea mara ya kwanza, ilikuwa senti 12 na watoto waliisoma hadi ikararuka. Ndiyo maana nakala moja safi ilipigwa mnada kwa dola milioni 3.6 mwaka 2021.

Kuna pia nakala zilizochapwa upya. Action Comics namba 1 ya 1938, ambamo Superman alitokea mara ya kwanza, ilitolewa tena mwaka 1974 ikiwa kubwa kuliko ya asili, ndani ya jalada la nje linaloeleza hivyo. Jalada hilo likibanduliwa, asiyejua anadhani ameokota mali. Kwa hiyo ukituona tunachukua rula kabla ya kusema lolote, usikasirike.

Baada ya rula tunakagua mgongo, ile mikunjo midogo inayokatisha rangi. Halafu pini, hasa kwa komiki zilizokaa Pwani, maana kutu ya pini hupenya karatasi. Halafu tunafungua ukurasa mmoja mmoja. Kuponi ya tangazo ikiwa imekatwa, kipande cha hadithi upande wa pili kimekwenda nayo. Kazi hii inachukua muda na inataka mikono iliyooshwa, na ndiyo unayoilipia ada ya ukaguzi hata usipotuuzia.

Kinachotuuma hasa ni matengenezo ya nyumbani. Mama mmoja alituletea matoleo ya Joe, lile jarida la Nairobi la miaka ya 1970 la Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Ni vigumu kuyapata, kwani mengi yaliishia kufungia vitu, na wapo watu wanaoyatafuta kwa hamu. Mwanawe alikuwa ameyapeleka yakapigwa lamineshini ili “yasiharibike”. Plastiki ile imegandishwa kwa joto. Ukiibandua inatoka na wino. Tulimwambia ukweli, naye alisikitika sana. Mwingine alipeleka komiki zake kwa mchapaji, kingo zikanyooshwa kwa mashine ya kukatia karatasi. Zilipendeza, lakini upana haukuwa wake tena. Kampuni ya CGC ya Marekani, inayopanga komiki kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10, huipa komiki iliyokatwa kingo au kupakwa rangi lebo ya zambarau, yaani imefanyiwa matengenezo, na wanunuzi wakiiona bei huanguka. Selotepu nayo hugeuka njano, na gundi yake haitoki. Mchaniko ulioachwa kama ulivyo tungeununua kwa bei nzuri zaidi.

Kwa kawaida tunanunua kwa nusu ya bei tunayotarajia kuuzia. Wengine wanaona ni dhuluma. Lakini nakala inaweza kukaa nasi miaka miwili ikimngoja mtu wake, tukiilipia kodi ya duka, mfuko usio na asidi na kadibodi yake. Usipokuwa na haraka, iache dukani tukuuzie kwa kamisheni. Utapata zaidi, ila utasubiri.

Ukija, usifute vumbi kwa raba wala usinyooshe kwa pasi. Ilaze bapa kati ya kadibodi mbili safi, uilete ilivyo.